Runyenjes na Hesabu ya Watu Wake

Msomaji, mtu aweza kulala ndani ya nyumba moja miaka thelathini asijue idadi ya boriti zinazochukua dari yake. Hilo si kwa ujinga, bali kwa mazoea. Maana mazoea ni pazia, na yaliyo karibu mno na macho aghalabu ndiyo yasiyoonekana. Mimi nalikuwa mtu wa namna hiyo. Nilizaliwa Runyenjes, katika Kaunti ya Embu, ubavuni mwa Mlima Kenya upande wa mashariki na kusini. Nilikunywa maji ya huko, nikala chakula cha huko, nikasoma shule ya huko, walakini sikuijua.

Aibu yangu ilidhihirika chuoni, nilipokuwa nikijifunza kazi ya ualimu. Siku moja mkufunzi wetu wa jiografia alitundika ramani ya Marekani ukutani, akaniita mbele. Nilitaja mto Mississippi na matawi yake, Missouri na Ohio, bila ya kusitasita. Wenzangu walinipigia makofi. Mkufunzi akauliza, "Na kwenu wapita mto gani?" Nikajibu, "Ena." Akasema, "Watoka wapi, na maji yake huenda wapi?" Nikanyamaza. Darasa zima lilicheka. Mkufunzi hakucheka. Alisema kwa upole, "Basi utakwenda kuwaonyesha watoto wa watu njia ya mji usioujua, na hali hawajui njia ya kisima chao." Tangu siku hiyo nilijitwika deni, na insha hii ni sehemu ya malipo yake.

Ukitaka kuifahamu nchi yetu, msomaji, usiifikiri kama uwanja, ifikiri kama paa la nyumba. Kipeo cha Mlima Kenya kina urefu wa mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Kutoka huko ardhi hushuka kuelekea kusini mashariki mpaka mto Tana, mahali ambapo urefu wake umebaki kiasi cha mita 500 tu. Kila kitu nchini mwetu hufuata mteremko huo: maji, mvua, mimea, na hata riziki ya watu. Juu kabisa ni theluji na mawe. Chini yake ni msitu mkubwa. Ukingoni mwa msitu huanza mashamba ya chai, ambako asubuhi na mapema utawaona wachumaji wakikata majani mawili na chipukizi, na kuyapeleka kwenye viwanda kama Mungania na Rukuriri. Ukishuka zaidi wafika katika nchi ya kahawa, yenye udongo mwekundu uliotokana na moto wa zamani wa mlima. Hapo ndipo ulipo mji wa Runyenjes, kando ya barabara kuu itokayo Embu kwenda Chuka na Meru, na karibu nao ni kilima cha Kirimiri chenye msitu wake. Zao la ndizi, mahindi, maharagwe na makadamia hustawi huko. Ukizidi kushuka, hewa huwa na joto, udongo hugeuka kuwa wa mchanga na mawe, na mvua huwa haba. Hiyo ni nchi ya Mbeere, nchi ya mtama, kunde, pojo, mbuzi, mizinga ya nyuki, na muguka, jani litafunwalo ambalo limekuwa chanzo cha fedha kwa jamaa nyingi.

Mvua hutujia mara mbili kwa mwaka: ya kwanza tangu Machi hata Mei, na ya pili tangu Oktoba hata Desemba. Watu wa juu huzipata zote mbili kwa wingi. Watu wa chini mara nyingi huzitazama zikinyesha mlimani, nao wakabaki na vumbi. Mito ndiyo inayotuunganisha. Thuci hutenga nchi yetu na ya jirani zetu wa Tharaka Nithi. Rupingazi hupita karibu na mji wa Embu ukaenda kuungana na Thiba. Na ule Ena ulionitia aibu hutoka katika msitu wa mlima, ukakata nchi ya Runyenjes, ukashuka Mbeere. Maji ya mito yote hiyo mwisho wake ni Tana, na Tana huyapeleka mpaka Bahari ya Hindi, karibu na Kipini. Yaani tone la mvua liangukalo juu ya jani la chai kwetu laweza kuonwa na mvuvi wa pwani. Njiani Tana hufanyishwa kazi kubwa: katika mpaka wa Mbeere na nchi za Ukambani yamejengwa mabwawa matano ya umeme, la kwanza Kindaruma katika mwaka wa 1968, kisha Kamburu, Gitaru na Masinga, na la mwisho Kiambere katika mwaka wa 1988.

Sasa tuseme habari za watu. Wazee wetu husimulia kwamba Waembu wametokana na Mwenendega na mkewe Nthara, na kichaka kitukufu kiitwacho kwa jina la mzee huyo kipo karibu na Runyenjes hata leo. Mimi sikuletei hadithi hiyo ili uitie katika mizani ya hesabu, bali ujue kwamba watu hawa, wakiulizwa asili yao, hawakuonyesha nchi ya mbali. Walionyesha miti iliyo karibu. Waembu na Wambeere ni jirani wa damu. Lugha zao zaelewana, nazo ni jamaa za Kikikuyu, Kimeru na Kikamba.

Katika mwaka wa 1906 jeshi la Waingereza liliwapiga Waembu, likawashinda, na boma la serikali likajengwa mahali ambapo leo ni mji wa Embu. Miaka minne baadaye, 1910, wamisionari wa Kianglikana walifika Kigari, na elimu ya vitabu ikaanza kutia mizizi. Katika miaka ya 1930 Waafrika wa Embu, Meru na Kisii walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo kabla ya hapo lilikuwa haki ya walowezi. Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka wa 1960. Waembu, Wakikuyu na Wameru waliondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na handaki refu likachimbwa ukingoni mwa msitu wa mlima ili wapiganaji waliomo wasipate chakula. Wakati huo huo, tangu mpango wa kilimo wa 1954, vipande vya mashamba vilianza kuunganishwa, kila mwenyewe akapimiwa shamba moja na kuandikiwa hati. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, Embu ikawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, uliofika mpaka wa Ethiopia. Mbeere ilitengwa ikawa wilaya peke yake mwaka wa 1996. Kisha Katiba ya 2010 ikaziunganisha tena Embu na Mbeere kuwa kaunti moja kati ya kaunti 47, na serikali yake ikaanza kazi mwaka wa 2013.

Hayo yote, msomaji, waweza kuyasoma vitabuni bila ya kunihitaji mimi. Ninalotaka kukueleza ni jambo moja nililolipata nje ya vitabu, usiku wa tarehe 24 Agosti 1919 ukiwa umepita miaka mia moja kamili. Yaani Agosti 2019, wakati wa hesabu ya watu wa Kenya. Mimi nalikuwa mmoja wa makarani wa hesabu hiyo. Nilipewa koti la alama, kitambulisho cha kuning'inia shingoni, na kompyuta ndogo ya mkononi, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa taifa letu kuhesabu watu bila ya makaratasi. Kanuni yetu ilikuwa fupi: kila mtu aandikwe mahali alipolala usiku ule.

Nilifika kwa bibi mmoja mzee sana saa mbili za usiku. Alikuwa rafiki wa marehemu nyanya yangu, na nyumba yake yakaa juu ya ukingo wa bonde, katikati ya mibuni iliyozeeka pamoja naye. Nilibisha hodi, nikamwamkia, akanikaribisha.

"Keti, mjukuu wangu," alisema. "Nimesikia mwahesabu watu."

"Naam, nyanya. Naomba unitajie watu wote wanaolala hapa usiku huu."

"Andika tisa."

Nilitazama chumbani. Palikuwa na kiti kimoja, taa, na kikombe kimoja juu ya meza.

"Wako wapi, nyanya?"

Alianza kuwataja kwa majina, na kila jina alilipa mahali pake. Wawili walikufa wachanga, nao walizikwa nyuma ya nyumba. Wanne wako Nairobi. Mmoja yuko Mombasa. Binti mmoja ameolewa ng'ambo ya Thuci. "Na mimi ni wa tisa," alimaliza.

Nikamweleza kanuni. Nilisema kwamba waliokufa hawahesabiwi, na walio mbali wataandikwa huko huko walikolala. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Sisi zamani hatukuhesabu watoto. Ilikuwa mwiko, kwa kuwa anayehesabu huonekana kama anayetaka kupunguza. Hata mbuzi tuliwajua kwa rangi zao, si kwa idadi. Nilipokuwa msichana, wakati wa Hatari, ndipo nilipohesabiwa mara ya kwanza. Tulipanga mstari kijijini jioni, baada ya kuchimba handaki mchana kutwa, wakatuhesabu tusije tukatoroka kwenda msituni. Sasa niambie, wewe mwalimu: ninyi mwatuhesabu kwa nini?"

Nilijibu kama nilivyofundishwa. Nilisema kwamba serikali haiwezi kujenga zahanati, wala kupeleka walimu, wala kuchimba visima, bila ya kujua watu ni wangapi na wako wapi. Na kwamba fedha za taifa zigawiwapo kati ya kaunti, idadi ya watu ni mojawapo ya vipimo. Nilijiona nimejibu vyema.

Akafikiri kitambo. "Kwa hiyo watoto wangu wameandikwa Nairobi na Mombasa, nako ndiko kutakakopelekwa maji yao na madaktari wao."

"Ndivyo, nyanya."

"Na wakifa wataletwa hapa kuzikwa, kama alivyoletwa baba yao. Basi mji wapewa maji yao, mimi napewa makaburi yao."

Msomaji, nalikuwa na majibu mengi ndani ya kompyuta ile, lakini hilo halikuwamo. Nilimwuliza maswali yaliyobaki: umri, elimu, maji ya kunywa, kuni za kupikia. Mwisho nilimsomea nilichoandika: mtu mmoja. Aliinuka, akanisindikiza mpaka mlangoni, akasema, "Mmoja, haya. Lakini huyo mmoja mwandike vizuri."

Matokeo yalitangazwa tarehe 4 Novemba 2019. Kaunti ya Embu ilikuwa na watu 608,599: wanaume 304,208, wanawake 304,367, na watu 24 waliozaliwa na maumbile ya jinsia mbili, ambao taifa letu liliwahesabu kwa mara ya kwanza. Miaka kumi kabla yake, 2009, tulikuwa 516,212. Tumeongezeka kwa watu 92,387. Embu Mashariki, ambako ndiko Runyenjes, ilikuwa na watu 129,564. Embu Magharibi 127,100. Embu Kaskazini 79,556. Mbeere Kusini 163,476. Mbeere Kaskazini 108,881. Na katika msitu wa Mlima Kenya walikutwa watu 22. Jumlisha mwenyewe, uone kama hesabu yatimia. Mwanafunzi asikubali jumla ya mtu mwingine bila ya kuijaribu.

Kisha zitazame tarakimu hizo kwa jicho la pili. Mbeere mbili zina watu 272,357, yaani chini ya nusu ya watu wote, na hali zimechukua karibu robo tatu ya ardhi ya kaunti. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu yetu tumebanana katika sehemu ndogo ya juu, penye mvua na udongo mwema. Ule mteremko niliokueleza ndio uliotupanga hivyo. Mvua huita watu, na watu wakiwa wengi ardhi huwa finyu.

Ufinyu huo naujua kwa jina lake, kwa kuwa umo nyumbani kwetu. Babu yangu, mashamba yalipopimwa, aliandikiwa eka sita. Aliwagawia wanawe watatu, kila mmoja eka mbili. Baba yangu ana watoto wanne, wanaume watatu na dada yetu mmoja, naye kwa haki na kwa sheria ana fungu lake kamili kama sisi. Mbili gawanya kwa nne ni nusu. Nusu eka yaweza kuchukua mibuni kiasi cha 260 ikiwa hapana nyumba, wala ng'ombe, wala mgomba, wala kaburi. Mtoto wangu akiwa na ndugu mmoja, kila mmoja atapata robo.

Katika mwaka ule wa hesabu, ndugu zangu wawili waliokwenda Nairobi walitaka shamba liuzwe lote na fedha zigawanywe. Hawakuwa watu wabaya, na hoja yao haikuwa mbaya: shamba lisilotosha kumlisha mtu mmoja halitawalisha wanne. Mimi mwenyewe nalikuwa nimekwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho niende kufundisha mjini, na barua ile ilikuwa ndani ya mfuko wa koti langu usiku nilipoketi mbele ya kikombe kile kimoja. Nilikuwa nahesabu waliobaki, na hali mimi mwenyewe nilikuwa njiani kutoka.

Singependa kukudanganya kwamba maneno ya bibi yaliniletea dawa. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Lakini barua sikuipeleka. Nilikwenda kwa ndugu zangu, tukaketi siku mbili na dada yetu na baba yetu. Mwisho tulikubaliana kwamba shamba lisikatwe wala lisiuzwe maadamu baba yu hai; dada yangu na mimi tulitunze, mibuni mizee ing'olewe ipandwe michanga pamoja na makadamia, na mapato yaandikwe katika daftari moja ambalo kila mmoja wetu aweza kulifungua. Ndugu mmoja alikubali kwa moyo. Wa pili alikubali kwa mdomo. Baba akifa tutakaa tena, na sijui tutaamuaje. Bibi yule alifariki miaka miwili baada ya hesabu. Watoto wake wote sita walio hai walikuja kumzika, na siku ile boma lake lilijaa watu kama alivyoniambia.

Darasani kwangu sasa sianzi somo la jiografia kwa ramani ya nchi za mbali. Huwatuma wanafunzi kwanza nyumbani kwao na maswali manne. Maji mnywayo hutoka wapi, na yakiwapita ninyi humfikia nani? Ardhi mliyonayo iliandikwa kwa jina la nani mara ya kwanza, nayo imegawanywa mara ngapi? Ni nani waliokuwa wakilala nyumbani kwenu, na sasa wanalala wapi? Na wa mwisho aliyebaki ni nani? Mtoto akirudi na majibu hayo, huwa ameleta historia, jiografia na hesabu ya watu katika ukurasa mmoja wa daftari. Hapo ndipo ninapotundika ramani ya Marekani, na wao huuliza wenyewe, bila ya kuchochewa, kama watu wa Mississippi nao wana mteremko wao, vijana wao walioondoka, na wazee wao waliobaki na kikombe kimoja.

Nawe, msomaji, huenda u mtoto wa Mbeere, au wa Kisii, au wa Lamu. Huenda wasoma maneno haya mahali nisipopajua. Hesabu ya watu hurudi kila baada ya miaka kumi, na karani ajaye kubisha mlango yawezekana akawa wewe. Ukiketi mbele ya mzee akakuuliza wamhesabu kwa nini, usifanye haraka ya kujibu. Msikilize kwanza, kisha umwandike vizuri.